Binti Mfalme na Mbuzi wa Bertrams

Mwalimu wetu wa historia kule Tanga hakuwa rafiki wa muhtasari wa wizara. Mvua ikipiga bati mpaka sauti yake ikawa haifiki madawati ya nyuma, alifunga kitabu, akasogea katikati ya darasa na kutusimulia habari za wafalme wa Ulaya ya kale, ambazo hakuna mtihani uliowahi kuziuliza. Huko ndiko nilikomsikia binti mfalme yule. Kwao kulikuwa na jua na michungwa. Alipandishwa merikebuni akiwa na umri kama wetu, aende kuolewa na mrithi wa enzi katika kisiwa cha ukungu. Baba mkwe hakungoja bibi harusi afike mjini. Alimfuata njiani, akadai kumwona uso. Waliomsindikiza wakasema kwao bibi harusi haonwi kabla ya ndoa. Mfalme akawajibu kwamba sasa yuko nchini mwake. Shela ikafunuliwa.

"Mimi ningemng'ata mkono," alisema msichana aliyekaa nyuma yangu, na darasa zima likacheka.

Mimi nilitaka kujua ilikuwaje baadaye. Mwalimu alitupa hadithi kidogo kidogo, mvua hata mvua. Mume alikufa ndoa haijatimiza mwaka. Baba mkwe akamzuia asirudi kwao, akamposea mdogo wa marehemu, kama mdogo anavyopewa koti la kaka. Yule mdogo alipokuwa mfalme akamwoa; miaka mingi ikapita, akamchoka. Akamtumia watu wamwombe akubali tu kwamba ndoa yao haikuwa ndoa. Angepewa nyumba nzuri na maisha ya raha. Akakataa. Akawa anahamishwa kutoka nyumba moja yenye unyevu hadi nyingine, na kila alikofika aliwaambia watumishi wamwite vile vile: malkia.

Nilidhani ni hadithi ya mvua tu.

Mume wangu nilimpata Morogoro. Alikuwa mkimbizi wa Afrika Kusini, mmoja wa wale waliokuja vijana kwa ajili ya ukombozi wakaota mvi wakingoja kurudi. Alikuwa fundi umeme, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila pale alipokasirika, maana hapo ulimi ulirudi kwao na kuanza kugonga kaakaa. Alisilimu mbele ya shehe, tukafunga ndoa, binti yetu akazaliwa. Mwaka ule watu wote wa nchi yake walipopiga kura kwa mara ya kwanza, tukafungasha tukaenda Johannesburg, nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Bertrams.

Njiani aliniambia, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba wao ni ukoo wa machifu. Asili yao ni Rasi ya Mashariki, na babu yake alikuwa na watu na ng'ombe wasiohesabika. Nilipofika niliikuta enzi hiyo. Ilikuwa nyumba ya bati iliyoshikana ukuta na ya jirani, karibu na uwanja wa mpira, kiasi kwamba goli likifungwa vikombe vilitetemeka kabatini. Sebuleni kulikuwa na picha ya babu amevaa ngozi ya chui. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tuta la kabichi, na hiyo ndiyo mali yote ya utawala niliyoiona.

Mama mkwe alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaishia kwenye ushungi wangu. Akasema maneno mengi, marefu, ya kupanda na kushuka. Nikamgeukia mume wangu.

"Anasema karibu," akasema.

Mume wangu alikuwa jasiri kwa mambo mengi, lakini kama mkalimani sijaona mwoga kuliko yeye. Baada ya miezi michache nilianza kuelewa mwenyewe, nikajua siku ile mama alisema nini. Alisema makoti hufunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na mimi nimefunga kama mtu anayekwenda gulioni. Makoti ndilo neno lao la bibi harusi, na mtu anaweza kuwa bibi harusi kwao mpaka meno yamtoke. Makoti anatangulia kuamka. Makoti anajifunika blanketi mabegani hata Januari jua likiunguza lami. Makoti hapazi sauti mbele ya wakwe.

"Mama," nilimwambia siku nilipopata maneno ya kutosha, "kwetu tunafunika nywele. Macho tunayaacha yaone."

"Yanaona nini cha maana hayo?"

"Yanaona uji unaungua, Mama."

Akakimbilia jikoni. Tangu hapo akawa ananitukana kwa furaha kidogo zaidi.

Jambo lililonigharimu lilikuwa la mbuzi. Desturi yao ni kwamba bibi harusi hajawa mtu wa nyumba mpaka achinjiwe mbuzi, akae chini kwenye mkeka, ale nyama ile na anywe maziwa mgando mbele ya ukoo. Hapo ndipo mizimu inamjua. Mimi sikuwa na ugomvi na mkeka wala maziwa. Nilisema tu kwamba nyama nitakula ikichinjwa na Mwislamu, kwa bismillahi. Mume wangu akaitikia, ndiyo, ndiyo, hakuna shida, na nadhani hakumwambia mtu yeyote.

Siku ya shughuli nilikwenda Hillbrow kumchukua mzee mmoja wa Unguja, mlinzi wa jengo la ghorofa, ambaye wenzetu wa pwani walimtumia kwa kuchinja. Alikuja amevaa kanzu safi, kisu chake kwenye mfuko wa plastiki. Tulimkuta uani baba mdogo wa mume wangu, mkubwa wa ukoo, amesafiri usiku kucha kutoka Rasi ya Mashariki na kisu cha ukoo kimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Wazee hao wawili wakatazamana. Mbuzi akawatazama wote.

"Huyu ni nani?" aliuliza baba mdogo.

"Mchinjaji, Tata," mume wangu akajibu chini chini. Tata ni baba.

"Mchinjaji? Na mimi nimekuja kupiga kinanda?"

Mzee wa Unguja alisikia mlio wa sauti, maneno hakuyaelewa. Akanishika mkono wa gauni. "Bibie, mwambie bwana huyu mie nimekuja kuchinja mbuzi, sikuja kuchinjwa."

Wakabishana. Kisu cha ukoo hakiwezi kukaa kwenye kitambaa wakati mgeni anamwaga damu uani, alisema mmoja. Nyama ya hivyo mtoto wa Kiislamu haimshuki kooni, alisema mwingine, na mume wangu akazitafsiri hoja zote mbili mpaka zikafanana na salamu. Wakati huo mbuzi alikwisha fungua kamba yake. Mama mkwe akatoa kichwa dirishani. "Nyie wanaume mnagombea kisu, na kabichi zangu zinakwisha!" Halafu akatoa hukumu: nyumba hii ina kisu chake, kitatumika hicho.

Nilikaa kwenye mkeka nimeinama, blanketi mabegani. Maziwa nikayanywa yote. Sahani ya nyama ikawekwa mbele yangu na sikuigusa. Walingoja. Mama mkwe aliisukuma karibu kwa kidole kimoja. Nikairudisha kwa kidole kimoja.

"Basi mbuzi amekufa bure," baba mdogo akasema. "Mizimu haijamwona mtu."

Wakala wao. Mzee wa Unguja nilimpikia mayai, akala, akarudi zake Hillbrow akisema hajapata kuona harusi yenye njaa kama ile.

Kuanzia siku hiyo nilipewa kiti. Kwa asiyejua ni heshima. Kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo, wake wa ndugu za mume wangu walikaa chini, wamepangana kwa ukubwa wa waume zao, wanasengenya na kucheka ndani ya mablanketi. Mimi, mke wa mtoto wa kwanza, nililetewa kiti nikae na wageni karibu na mlango. Binti yangu alikuwa akikaa chini na shangazi zake, ananiuliza kwa Kiingereza cha shuleni kwa nini niko juu peke yangu. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba huku kuna upepo. Kiti kile nilikichukia kuliko tusi lolote.

Mwaka wetu wa tano Bertrams, kifua kilimwangusha mume wangu. Aliugua majira ya baridi, akafa kabla miti ya maua ya zambarau haijachanua barabarani. Maziko nilishindwa. Walimzika kwao, kwa jeneza na kwaya na hotuba za watu wasiojua kwamba alipenda maharage ya nazi. Nilimsomea Yasini chumbani, mlango umefungwa, na nikajiambia nimeshindwa mara moja, inatosha.

Siku chache baadaye wazee wakaja Bertrams. Walijaa sebuleni, chini ya picha ya babu, na baba mdogo ndiye aliyesema.

"Makoti atavaa nyeusi mwaka mzima. Mwaka ukiisha, mdogo wa marehemu ataisimamisha nyumba ya kaka yake. Mtoto ni wetu na mama yake ni wetu. Nani ana neno?"

Alikuwa akiwauliza wanaume. Mdogo wa marehemu, ambaye aliendesha teksi za abiria za kwenda Hillbrow na alikuwa na mchumba wake huko, alipaliwa na chai. Nikainuka kwenda jikoni na yeye akanifuata, bado anakohoa.

"Shemeji," alisema. Neno hilo alifundishwa na kaka yake na alilipenda. "Usinielewe vibaya. Wewe ni mtu mzuri. Lakini sikutaki."

"Nashukuru. Na mimi sikutaki mara mbili."

"Eish, mara mbili tena?"

"Moja yangu, moja ya kaka yako."

Tulicheka tukiwa tumeziba midomo kwa mataulo ya jikoni, maana nyumba ilikuwa ya msiba. Alipopata pumzi akasogea karibu. "Sikiliza. Iko njia rahisi. Wewe nyama hukula. Kawaambie hukuwa makoti hata siku moja. Asiye makoti harithiwi. Unamchukua mtoto, unakwenda zako. Sharp, poa."

Ilikuwa kweli. Sentensi moja tu, na mlango ungekuwa wazi. Nilisimama na birika mkononi nikamkumbuka mwalimu wangu katikati ya darasa, na yule binti mfalme akiletewa sahani hiyo hiyo: sema tu hukuwa mke, upumzike. Tulipokuwa shule nilimwona mkaidi. Kwa nini asiseme, akaenda zake kula machungwa? Sasa nilimwelewa mpaka kwenye mifupa. Kama sikuwa mke, basi nilikuwa nani chumbani mle miaka yote ile? Mpangaji? Na mtu niliyemfuata kutoka Morogoro, niliyemshikilia kichwa akikohoa, alikuwa nani wangu? Nilirudi sebuleni na birika langu, nikaliweka mezani, na sikukaa kwenye kiti.

"Tata," nikasema, "mimi ni mke wa mwanenu. Nilikuwa mke wake kabla hamjanijua, na ni mke wake leo. Nyeusi sivai. Nitavaa nyeupe na nitakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama mama yangu alivyokaa. Mjane wa kwetu akiwa edani hatajiwi mume hata kwa utani. Na ikiisha, vile vile msinitajie. Mimi si koti."

"Mke gani asiyekula nyama ya ukoo?" Baba mdogo hakupandisha sauti. "Wewe ni mgeni uliyekunywa maziwa."

"Kama ni mgeni, Tata, mgeni hagawiwi kwa mtu. Kama ni mke, nitaulizwa kwanza, na jibu nimeshatoa. Chagueni nyinyi. Mimi nilichagua zamani."

Mzee mmoja pembeni alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Nani amekufundisha maneno haya?"

"Mwalimu wa historia, Tata."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mama. Na mlango wa bibi yake anaujua."

Mama mkwe alikuwa sakafuni, amefunikwa blanketi jeusi, anatazama miguu yangu. Baba mdogo akachukua kofia yake. "Hatujamaliza," akasema, na wakaondoka.

Nilikaa eda katika nyumba ile ile. Mama mkwe alivaa nyeusi kwa mwanawe, mimi nyeupe kwa mume wangu, na kamba ya nguo uani ikawa kama ubao wa drafti.

"Nyeupe inachafuka," alisema kila Jumatatu.

"Ndiyo maana nafua, Mama."

"Nyeusi haichafuki."

"Inachafuka, Mama. Haisemi tu."

Siku niliyomaliza eda nilioga, nikavaa gauni la rangi, nikatoka uani kuona jua. Nikamkuta mbuzi. Alikuwa amefungwa kwenye mlango wa choo cha nje, na kamba ilikuwa ndefu mno. Mama mkwe alisimama kati yake na tuta la kabichi, fagio mkononi. Teksi ikapiga honi nje, akashuka shemeji yangu, na nyuma yake mzee wa Unguja na mfuko wake wa plastiki.

"Safari hii kuna mwenye kisu mwingine?" mzee akaniuliza kabla hajavuka kizingiti. "Maana nina wajukuu mie."

"Harakisha," mama mkwe akamwambia kwa lugha yake, na mzee akaelewa, kwa sababu fagio lilikuwa linaonyesha mbuzi.

Akachinjwa kwa bismillahi. Mama mkwe mwenyewe akatandika mkeka, akaniwekea blanketi mabegani, akanishusha kitambaa mpaka kwenye nyusi, akakitazama, halafu akakirudisha juu kama ninavyofunga mimi.

"Tata hajui," nikamwambia.

"Tata anakaa mbali. Kula."

Nikala. Ilikuwa nyama ngumu, mbuzi mzee, na sijapata kula nyama tamu kama ile. Nikanywa maziwa tena, maana mama alisema yale ya kwanza yalishalala. Nilipomaliza akachukua sahani. "Sasa usinikalie kwenye kiti tena nyumbani kwangu," akasema, akaingia ndani.

Baada ya hapo miguu yangu haikutulia. Nilihamia Hillbrow na binti yangu, chumba kwenye ghorofa ambayo lifti yake ilikuwa ya mapambo, na tukahama kutoka jengo hadi jengo, kila dirisha na jirani yake: Wakongo wa kuimba, Warundi wa kusali, Wakenya wa kubishana. Niliuza kanga na vitenge sokoni Newtown, nikipanda mabasi ya siku nyingi kwenda kufuata mzigo Dar na kurudi. Nikiwa njiani kwenda kaskazini nilikumbuka Bertrams. Nikiwa Tanga, mama yangu akinipikia, nilisikia harufu ya makaa ya mawe ya majira ya baridi na nikatamani kurudi. Sijui kupona ugonjwa huo na siombi dawa. Lakini kila niliporudi Johannesburg nilipita kwa mama mkwe kwanza, nikakaa sakafuni, akanitukania kitambaa.

Alikufa mwaka 2007. Habari zilinikuta sokoni. Nilifunga mzigo wangu nikaenda kama nilivyo. Chumba chake kilikuwa kimetolewa vitu vyote na godoro limewekwa chini, kama wanavyofanya, na wanawake wa ukoo wamekaa ukutani kwa mpango wao. Karibu kabisa na godoro palikuwa wazi, mahali pa mke wa mtoto wa kwanza. Hakuna aliyepakalia. Nilivua viatu, nikapita katikati ya magoti yao nikakaa hapo, ushungi wangu nimeufunga kama ninavyoufunga. Binti yangu akaja akakaa nyuma yangu. Alikuwa mrefu kuliko mimi.

Baba mdogo akatokea mlangoni. Alikuwa mzee sana sasa, anaegemea fimbo, lakini macho yalikuwa yale yale. Alitafuta ukutani akanipata.

"Mleteeni mgeni wetu kiti," akasema.

Msichana mmoja akaleta kiti cha plastiki, akasimama nacho hajui akiweke wapi.

"Mpe Tata," nikamwambia. "Amesimama muda mrefu."

"Hapo ulipokaa ni pa makoti mkubwa."

"Najua, Tata. Ndiyo maana nimepakalia."

"Nyama uliila lini?"

Nilikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia habari za mbuzi wa pili, fagio, na mzee wa Unguja. Lakini nyama ile nilipewa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa hayupo kusema, na sikuona kwa nini nimletee mashahidi wa ndoa yangu kila anapobisha hodi.

"Mimi ni mke wa mwanenu," nikasema. "Niliwaambia siku ile, nawaambia leo, na mkiniuliza kesho mtanikuta hapa hapa."

Mwanamke aliyekuwa kando yangu, mke wa shemeji yangu, yule mchumba wa Hillbrow wa zamani, alivuta blanketi lake akanifunika nusu, bila kunitazama. Mkono wa binti yangu nikausikia mgongoni.

Msichana bado alikuwa amesimama na kiti. Baba mdogo alituangalia sote, akahamisha fimbo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hatimaye akakaa yeye.